Kama Ilivyojengwa

Siku ya tatu Ligula haina maji.
Ndoo zimepanga foleni, wenyewe wako kivulini,
na kila ndoo ina jiwe ndani, isihamishwe na upepo.

Sisi tunachimba kando ya barabara ya hospitali
tukifuata mchoro wa mwaka juzi:
karatasi nyeupe, mstari umenyooka kama uzi wa mwashi,
mhuri wa duara umetulia ndani ya kisanduku chake,
sahihi imejikunja kwa madaha, haina haya.

Futi nne: mchanga mwekundu.
Futi tano: mchanga, kifuniko cha soda,
kandambili ya mtoto, ya mguu wa kushoto.
Futi sita, Nampoto akaegemea sururu,
akapangusa shingo, akaniuliza:
"Mhandisi, bomba hili lilizikwa
au lilisimuliwa?"

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka,
kwa kuchelewa kidogo.

Nikaenda stoo. Michoro ya zamani huishi humo
ndani ya vipande vya mabomba, kama panya,
ukiivuta hutoka na vumbi, mayai ya mende,
na ukaidi wa karatasi iliyozoea kujikunja.
Karatasi ya kumi na nne. Mwaka themanini na saba.
Ligula hadi Shangani, kama ilivyojengwa.
Mpimaji: B. Nang'umbi.

Mstari wake unakwenda, unakwenda,
halafu unapinda kama kiwiko cha mtu anayekwepa kofi,
na pembeni, kwa penseli nyekundu:
"Hapa tulikuta mwamba wa matumbawe. Sururu tatu zimevunjika.
Tukazunguka. Mita mbili na robo kutoka kona ya mochwari.
Kipimo cha kwanza nilikikosea mimi, si vibarua."
Chini yake mhuri, umepigwa upande;
wino ulimkaukia, akapiga tena,
maduara mawili yamepandana kama alama za vikombe mezani,
na sahihi juu yake, nzito, imetoboa karatasi.

Sikumjua. Nasikia alistaafu akarudi Newala,
na kwamba mkandarasi wa siku zile alimwita mkorofi,
maana malipo yalikaa mwezi mzima
yakingoja kona moja ichorwe.

Ile karatasi nyeupe nayo ina mwenyewe.
Sahihi ile naijua,
naiweka kila mwisho wa mwezi kwenye daftari la mshahara.
Ilikuwa Ijumaa, umeme umekatika,
kijana wa kampuni amesimama na michoro kumi na tisa,
anafunua, napiga,
anafunua, napiga,
kama mbangua korosho anayelipwa kwa kilo.
Aliniambia mtaro umeshafukiwa.
Mhuri haukuniuliza nimeona nini.
Mhuri ni mpira na kipande cha mti,
huitikia kila karatasi.

Nikashika ncha moja ya futi kamba, Nampoto akashika ya pili.
Kona ya mochwari. Mita mbili na robo.
Futi tatu na nusu, sururu ikalia chuma.
Mwamba ulikuwa palepale, mweupe, umekunja goti,
na maji yanavuja kwenye kiungo, taratibu,
bila fujo, kama aliyechoka kutafutwa.
Chuma ni cha themanini na saba.
Bomba la mwaka juzi, lile nililolipigia mhuri,
hatujaliona bado.

Jioni nimechora upya. Nimepinda palipopinda.
Kwa kalamu nyekundu nimeandika kina, tarehe,
na sentensi moja niliyoifuta mara mbili, nikairudisha:
"Bomba jipya sikuliona. Mhuri niliupiga."

Wino haujakauka. Nampoto ameingia kudai posho,
buti zimejaa tope, akainama juu ya meza,
akaitazama ile kona kwa muda.
"Hii sasa," akasema, "inafanana na shimo."