Upande wa Kushoto

Jumanne moja ya Agosti mama alikunywa chai
na chai ikamwagika kifuani.
Alidhani kikombe kina ufa.
Akakigeuza, akapitisha kidole ukingo wote,
akakisuuza, akamimina tena,
ikamwagika tena.
Kikombe kilikuwa kizima.

KCMC wakasema si kiharusi, mama, usihofu,
ni neva ya uso imevimba.
Majirani wakasema ni jicho la mtu.
Shangazi Anaeli akasema ni feni ya ofisi ya VICOBA,
alishamwonya asikae pale.
Mama akataka kucheka.
Nusu yake ikacheka.

Kila Alhamisi tuliketi mbele ya kioo cha Bwana Msuya.
"Kunja pua, kama umenusa maziwa yaliyolala.
Onyesha meno. Zima mshumaa."
Sikujua kama furaha ina mazoezi,
mara kumi asubuhi, mara kumi kabla ya kulala.
Kulia kulitii. Kushoto kukabaki
kama duka ambalo mwenyewe kaenda mazishini.
"Sasa shangaa, mama. Shangaa!"
"Nishangae nini tena, baba?"

Akarudi Kiborloni kabla hajapona,
marobota hayajui likizo ya ugonjwa.
Mnunuzi wa mitumba husoma uso kwanza, bei baadaye,
na uso wa mama ulisema mawili:
huku umelegea, huku umekaza.
Kijana wa Majengo alitaja elfu saba kwa koti la sufi,
akamtazama, akangoja,
akapanda mwenyewe hadi nane,
hadi tisa na nusu.
Jioni mama alihesabu noti mara mbili.
"Ugonjwa huu una faida," akasema,
na bega la kushoto likapanda karibu na sikio, likashuka.
Miaka ishirini na sita namwita mama,
bega lile sikuwahi kuliona.

Alikuwa akande shavu kila saa.
Akilishika tu, wapita njia wanamkemea:
"Mama Eliaichi, usishike tama! Unaita nini?"
Akawa anakanda kwa kificho, nyuma ya makoti.

Kikaja bila kuitwa.
Novemba, Anaeli.
Tulimzika Kidia, mvua imekatika saa hiyo hiyo,
migomba ikiendelea kunyesha peke yake.

Jicho la kushoto, lisilofumba,
lilikuwa limelia miezi mitatu:
vitunguu, vumbi, sendofu ya binti wa jirani.
Siku ile likalia vilevile, si zaidi.
La kulia likakauka kabisa.
Nikasikia mwanamke nyuma yangu
akimwambia mwenzake, "Dada mtu, na jicho moja?"
Nikataka kugeuka nimjibu.
Lakini nimjibu nini,
mimi mwenyewe sikujua
chozi lipi ni la upepo
na lipi la Anaeli.

Nikatazama chini.
Alikuwa amevua viatu kwa ajili ya tope.
Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kinachimba,
polepole, bila yeye kujua,
kinachimba,
kimeshapotea hadi ukucha,
na bado kinachimba.

Januari uso ulirudi.
Ulirudi kama mgeni wa usiku: mdomo kwanza,
kisha shavu, kisha nyusi.
Chai inakaa. Wateja wanamwelewa, anapata hasara.
Kope tu ndiyo hushuka akitafuna,
kama anamkonyeza ndizi.

Jana kanipigia simu ya video.
Kaishika karibu mno, kama kawaida yake,
uso umejaa kioo chote.
"Sijambo," akasema,
na pande zote mbili zikakubaliana.

"Shusha simu kidogo, mama."
Nikaona kola. Nikaona khanga.
"Chini zaidi."
"Huku?"
"Chini, mama. Chini kabisa."
"Sasa wewe," akasema, "unatafuta nini huko?"