Sare za Gredi ya Tano

Mwalimu mkuu alinitumia namba moja tu:
kiuno, sitini.
"Ni wastani, Fundi Mutheu. Tumejumlisha, tukagawa.
Kata arobaini na moja, tuonane Ijumaa."
Karatasi yenye vipimo walikuwa wameshaitupa.
Jibu likipatikana, nani anahifadhi swali?

Nilicheka hadi pini zikanidondoka mdomoni.
Sitini ni nani? Anaketi dawati gani?
Miaka kumi na tisa nashona Kariobangi
na wastani hajawahi kuja kujaribu suruali.

Nikafunika cherehani. Nikachukua futikamba,
nikapita kwa wagonga sufuria, nikaruka mtaro,
nikawapima, kisha nikawapanga ukutani:
wembamba upande wa lango,
wanene upande wa tangi la maji,
wakisukumana, wakivuta matumbo ndani.

Kidole kimoja kikahesabu kutoka kushoto,
kingine kutoka kulia,
vikakutana kwa Nyaboke. Hamsini na tisa.
Ishirini huku, ishirini kule,
naye katikati kabisa, hana habari,
anatafuna kifuniko cha kalamu.

Hamsini na nane walikuwa kumi na mmoja.
Hao ndio mkate wangu:
nitatandika kitambaa tabaka kwa tabaka
na mkasi utapita mara moja.
Nikajumlisha na mimi, nikagawa, ikatoka sitini kweli.
Mwalimu hakudanganya.
Ila mwenye sitini, hata mmoja, sikumwona.

Mwisho wa mstari alisimama Odera, themanini na moja,
miaka kumi na sita, ndevu zinabisha hodi,
amerudi shule baada ya kubeba mawe Njiru.
Mwanzo wa mstari, Kanyi, hamsini na mbili,
kaptula imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Kati yao sentimita ishirini na tisa.
Nilizinyoosha kwenye futikamba nikaziangalia.
Si nyingi. Zinatosha kumwacha mtu uchi.

"Huyo mkubwa mtoe," akasema mwalimu, "anaharibu hesabu."
Nikamtoa kwa penseli, kwenye kona ya daftari:
sitini ikashuka nusu sentimita.
Nusu! Mawe yote yale, miaka yote ile,
na hesabu ikatikisika kiasi cha ukucha.
Nikamrudisha. Yeye kitambaa chake ni mita zaidi,
na mita hiyo sitaikata kwa Kanyi.

Kisha kuna pindo.
Wateja hudhani ni urembo.
Pindo ni kukiri kwamba watu hutawanyika:
darasa linalofanana, pindo jembamba;
darasa kama hili, unaacha vidole vitatu
na unaomba Mungu wasinenepe Agosti.

Nilipokuwa nakunja futikamba
Nyaboke akanivuta mkono. "Na Nanjala?"
Kitabu cha majina kina arobaini na wawili.
Dawati la dirishani lilikuwa na vumbi la wiki mbili.
"Hayupo," akasema mwalimu, "kwa hiyo hayumo."

Sasa ni Alhamisi, saa nne usiku, stima imerudi.
Arobaini na moja zimekunjwa, zimefungwa uzi.
Nimebaki na kipande cha buluu mkononi
na sina namba.
Nakata kwa kukisia, natia mpira kiunoni,
naacha pindo la vidole vitano.
Hii hakuna atakayeilipa.
Mguu uko kwenye kanyagio.
Nanjala, una kiuno gani?