Dakika Kumi na Moja

Barua imesema: dakika kumi na moja.
Kumi na moja tu, kule kituoni, angani,
kisha mkono wetu utazimwa, upishe wa wengine.

Tumeuunda Chumbageni, nyuma ya gereji ya Shekilindi:
vidole vitatu, mota za printa iliyokufa,
mishipa ya mkonge wa Ngomeni niliyoisokota mwenyewe
mpaka viganja vikachubuka.

Miezi minane tumeufunza ndani ya tanki la maji,
maana uzito hauna swichi ya kuuzimia hapa Tanga.
Mwanahawa alizama na saa shingoni,
akaachia chungwa la Muheza
(tumelichomeka misumari, lisielee wala lisizame)
mkono ulifuate, uliguse,
usilisukume.

Hilo ndilo gumu. Si kushika; kutosukuma.
Kule ukigusa kwa pupa kitu kinakukimbia,
nawe unarudi kinyumenyume
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.

Nimekaa na methali zetu, nazipima:
haba na haba kule haijazi kibaba, inaelea;
mpanda ngazi hana pa kushukia.
Bibi Mwanamkuu alicheka aliposikia:
"Basi na deni langu lipelekeni huko, lipungue uzito."

Leo tumeufunga sandukuni, gramu mia tisa na nne.
Karani wa posta kauliza, ndani mna nini?
Nikaandika: mkono.
Akanitazama viganja vyangu, vyote viwili,
akagonga muhuri.