Rula Inayodanganya

Rula yangu hudanganya, ndiyo maana naiamini.
Sentimita mia zake ni mia na moja
za rula ya duka la vitabu.
Chuma kikiwaka hujivuna, kikipoa hunywea,
na achongaye ruwaza kwa kipimo cha haki
atasubu kitu kisichoingia mahali pake.

Eilert Hovden alikuja Februari, theluji magotini,
amepakata blanketi kama mtoto mwenye homa.
Ndani: mfuniko wa silinda, vipande vitatu,
na pengo la cha nne, kilichozama.
Injini ya mwaka ishirini na saba, pistoni moja,
neno moja: tu. Kimya. Tu.
Kiwanda kilichoizaa leo ni maegesho ya magari.
Michoro ilikwenda na mvua, au panya, au warithi.

"Baridi," alisema. "Mtu aliacha maji ndani."
Mtu.
Sikuuliza mtu gani.
Maji yakiganda hutaka nafasi, wala hayabishi hodi.

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Basi fundi wa ukuta ndiye mimi:
unene milimita sita, matundu manane ya bolti,
na ndani kwa ndani njia ya maji, inapinda
pasipofika jicho. Kidole ndicho kinachoijua.
Nikatia kidole. Kutu ikanipaka hina.

Nikachagua msonobari uliokauka darini
tangu mume wangu yu hai.
Randa, patasi, gundi, msasa.
Kila ubavu nikauinamisha digrii mbili,
maana ruwaza sharti itoke mchangani
kama mgeni mstaarabu, isivunje kikombe.
Kila pembe ya ndani nikaijaza nta kwa kijiko cha moto;
chuma hakipendi kona kali, hupasuka papo hapo.
Juu nikaongeza milimita tatu, riziki ya mashine.
Kisha kisanduku cha kiini. Hapo nilitoa jasho:
kuchonga kitu
ili mahali fulani pasiwe na kitu.

Wiki ya tatu Eilert akarudi. Akaizunguka meza,
akaugusa mti kwa mgongo wa mkono.
"Unaweza kuandika juu yake?"
Ninazo herufi za risasi, ndogo kama punje za mahindi.
Mwaka? Jina la mashua?
Akavua kofia, akaivaa tena.
"Andika: MWAGA MAJI."

Nilikuwa na M moja na W mbili.
Nikapindua W moja. Ukijua, utaiona.

Usubu wa kwanza uliharibika.
Halldis wa tanuri, ng'ambo ya hori, alipiga simu:
kiini kimesogea, upande mmoja ganda la yai.
Akaupasua kwa nyundo, akaurudisha motoni;
chuma hakina kinyongo.
Wa pili ulipoa siku mbili mchangani,
ukanywea kama ulivyoahidi.
Niliupima kwa rula ya duka la vitabu.
Haki tupu.

Mei, gatini, akapasha kichwa cha injini kwa taa ya mafuta,
akalisukuma gurudumu kwa mguu.
Tu.
Tukangoja, mimi na Halldis na mbwa wa mtu.
Tu. Tu.
Watalii wawili wakapiga makofi. Eilert hakutabasamu;
alikuwa ameshika bomba, anasikiliza maji yakipita
chini ya maneno yale mawili.

Ruwaza inaning'inia ukutani kwangu, namba 412,
kubwa kidogo kuliko kitu ilichokizaa.

Jana usiku barafu ya kwanza iliganda ndooni.
Saa tano simu ikalia.
"Nimeyamwaga," akasema,
akakata.