Saa Mia Mbili na Kumi na Nne

Ndizo nilizonazo. Nimezihesabu tena usiku huu
kwenye meza ya jikoni, Mabela, kiyoyozi kikikohoa.
Saa mia mbili na kumi na nne angani,
nyingi zake nikizunguka uwanja uleule wa mafunzo
kama ngamia wa kinu cha mafuta.
Shirika kubwa linataka elfu moja na mia tano.
Lile dogo linataka nianze Jumapili.

Lina ndege tatu. Mbili zinaruka,
ya tatu inawachangia wenzake viungo.
Hupeleka watu visimani, Marmul na kwingineko:
mafundi wa bomba, wapishi wa kambi,
magunia ya vitunguu,
na safari moja, waliniambia bila kuulizwa, maiti.
Mshahara riali mia nne na hamsini.
Mkataba wa miaka mitatu, na una meno:
ukitoka kabla, unalipa mafunzo yote, hadi karatasi.

Kaka yangu Sleyum, ambaye chombo chake cha juu kabisa ni pikapu,
anasema dogo ni dogo tu,
siku likianguka hakuna atakayeuliza
rubani alikuwa anatafuta uzoefu.
Mama anakoroga chai. "Na Msellem je?"

Msellem. Tulihitimu siku moja.
Alisema haanzi maisha na vibajaji vya mbawa.
Akangoja. Huu mwaka wa nne
anauza bima za magari Ruwi, shati jeupe lilelile,
vitanzi vitupu mabegani.
Saa zake zimechacha kama maziwa.

Sikumwambia mama habari za Ghanima,
aliyekubali shirika dogo kuliko hili, nchi ya jirani,
akafundishwa kwamba mwenye njaa haogopi wingu.
Siku hizi akinipigia tunazungumza mapishi,
tunazungumza harusi za watu.
Nikitaja ndege, mtandao unakatika.

Na lugha yangu nayo hainisaidii.
Ngoja ngoja huumiza matumbo.
Haraka haraka haina baraka.
Mama anazo zote mbili,
kila moja na kanga yake,
na leo amejifunga hii, amejitanda ile.

Alhamisi nilikwenda. Ofisi iko nyuma ya banda,
inanuka mafuta ya taa na iliki.
Meneja akanionyesha picha, kalenda,
sare kwenye mfuko wa nailoni.
Nikaomba kuona kitabu cha hitilafu.
Akanitazama
kama mtu aliyekuja kuposa, akaomba aonyeshwe choo.
Lakini alikileta.

Nilisoma nimesimama.
Redio ya pili inakoroma. Imetengenezwa, sahihi.
Tairi la kushoto limelika. Limebadilishwa, sahihi.
Mlango wa mizigo unataka kupigwa teke. (Fundi: usipigwe teke.)
Kisha ukurasa mzima, mwandiko wa mteremko,
Kapteni Wijeratne, maneno mawili:
Hatukuruka. Vumbi.
Kesho yake: Hatukuruka. Vumbi bado.
Siku ya tatu wameruka.
Nikatafuta kalamu nyekundu, sikuiona.
Nikafunua mwezi uliofuata, nikimtafuta yeye,
na mwandiko ulikuwepo, na mteremko wake,
unalalamikia taa ya kusomea.

Hakuna aliyenipa ahadi yoyote.
Ndege ni kuukuu, miaka mitatu ni mitatu,
huenda huyo kapteni anastaafu kesho
na aje mwingine asiyejua neno vumbi.
Nililifikiria hilo barabara nzima,
jua la Sib likipiga kioo, nyuma yangu lori likipiga honi.

"Umeona nini huko?" mama akauliza.
Nilitaka kumwambia habari za mshahara,
nilitaka kumwambia kuhusu meno ya mkataba.
"Vumbi," nikasema,
nikaenda kutafuta pasi.