Mashine ya Barabara ya Nane

Miaka kumi na tisa nilipima maziwa kiwandani,
pipa kwa pipa, kipimo mfukoni kama kalamu ya karani.
Nilijua yaliyotiwa maji
kabla hayajashuka kwenye baiskeli.
Leo ukinipa chai ya maziwa
nakurudishia kikombe kwa adabu.
Kulikuwa na ndama mmoja, Pongwe.
Hayo tuyaache.

Lakini mkate wa dukani una maziwa ya unga,
wa mama Shehoza una yai na samli,
na mtu hawezi kufungua kinywa kwa muhogo kila siku ya Mungu.
Nikasema: basi nitaoka.
Shemeji yangu Mwanakombo alicheka mpaka mtandio ukamvuka.
"Wewe? Uliyeunguza maji ya kunywa?"

Kwa Kiluwa, barabara ya nane, vitu vya kontena,
mashine mbili zilikaa juu ya friji bovu.
Ya kwanza ina kioo, vitufe kumi na viwili,
inang'aa kama meno ya mgombea.
Nikaigeuza. Kibati cha chini kinasema volti mia na kumi.
"Hii itaoka mara moja tu," nikamwambia,
"na itakachooka ni nyumba."
Ya pili ilikuwa nyeupe zamani. Vitufe vitatu,
maandishi ya Kijerumani.
Nikatia mkono ndani: ndoo haijachunika,
kikasia kinachokanda kipo,
kinazunguka bila kulia.
Yeye sabini, mimi hamsini na tano,
tukakutana sitini,
na waya akaufunga kwa raba.

Mkate wa kwanza ulikuwa tofali.
Wa pili ulifura, ukagusa kifuniko,
ukabonyea katikati kama godoro la nyumba ya wageni.
Kosa langu. Nilitia kasimile, mafuta matupu,
ikailemea hamira.
Sasa natia tui la pili, jepesi,
vuguvugu la kuogeshea mtoto.
Hilo kwanza. Mafuta ya nazi, kijiko na nusu.
Sukari. Unga juu yake kama shuka.
Chumvi kona hii, hamira kona ile,
maana hao ni wake wenza:
wakikutana kabla ya wakati, hapakaliki.
Yai sikulitafutia mrithi.
Ijumaa tu naponda ndizi mbivu, na iliki mbili.

Siku moja umeme ulikatika dakika ya arobaini.
Donge limeumuka, mashine imekufa macho wazi.
Nikalibeba na ndoo yake, nikavuka uchochoro
hadi kwa Mwanakombo: sufuria la wali,
moto chini, moto juu, na yeye kimya,
anapanga makaa kwa koleo kama anayehesabu deni.
Ulipoiva alimega, akatafuna, akatazama ukuta.
"Umetia samli."
"Sikutia."
"Umetia, mwongo wee."
Akamega tena.

Mkate huu hutoka na tundu chini,
pale kikasia kilipokuwa kimelala.
Hemedi, mjukuu wake, hutia kidole humo,
anauvaa kama pete, anakimbia nao uani
huku mimi napiga kelele kuwa bado wa moto.

Usiku naitega.
Saa kumi alfajiri inaanza kukanda,
inatetema, inataka kutembea juu ya meza.
Chini yake nimeweka kanga ya marehemu Mwanasiti,
kuukuu, imekunjwa mara nne,
maandishi yamebaki nusu: NYOTA YA MWENZIO.
Kitandani naisikia. Du, du. Kimya. Du.
Mtu anakanda jikoni.
Najua ni sitini elfu na waya wa raba.
Hata hivyo siinuki kwenda kutazama.
Nasubiri iache yenyewe,
ndipo nalisikia jogoo la jirani,
na harufu.