Chaneli ya Kumi na Saba

Ghorofa ya tatu, Luthuli,
chumba namba kumi na moja, mlango wa bati la kijani.
Hapa hatuulizi jina. Tunauliza modeli,
na kama betri inashika.

Alikitoa ndani ya soksi ya kiume,
kiredio cha mkononi, kimefungwa plasta begani,
antena imepinda kama shingo ya mtu anayesikiliza ukutani.
"Nimepita mtihani," akasema. "Barua ya leseni hii hapa.
Nataka unitilie chaneli za Nairobi."

Nikamwambia kaa.
Kebo yangu ina kigugumizi:
usipoisukuma hadi iseme tak, kompyuta inaapa
kwamba hakuna redio duniani.
Nikasukuma. Nikapuliza. Nikasukuma tena.
Na kabla ya kuandika, nikasoma,
maana ndiyo sheria aliyoniachia fundi Omwoyo:
usiandike juu ya kitu ambacho hujakisoma.

Mstari ukajaa polepole, asilimia kwa asilimia,
kama maji ya mfereji siku ya zamu yetu.

Moja: NGONG. Ripita ya mlimani,
unapokea juu, unatuma chini kidogo,
toni themanini na nane nukta tano;
bila toni hiyo utabisha hodi usiku kucha
na mwenye nyumba yuko macho, hakufungulii.
Mbili: LIMURU.
Tatu: ATHI R,
kwa kuwa kioo kinabeba herufi sita tu
na mto haukutosha.

Kisha tupu. Tupu. Tupu.
Safu kumi na tatu za kimya,
halafu, kumi na saba: MWENDE.

Nikadhani ni amri. Nyinyi nyote, mwende.
Pengine ni ya wapanda milima,
pengine ni ya mtu aliyechoshwa na wageni.
Haina toni, haina ripita,
masafa yale yale kwenda na kurudi:
redio kwa redio, umbali wa ukuta, umbali wa mtaa.
"Hii nifute?" nikauliza, kidole juu ya kitufe.
"Imeandikwaje?"
Nikamgeuzia kioo.

Hakusema kitu.
Chini, muuza spika alikuwa anajaribu besi,
vikombe vyangu vya chai vinatembea mezani.
Akatoa kitambulisho kwenye pochi
kana kwamba mimi ni askari wa getini,
akakiweka juu ya kibodi:
Mwende Musembi.

"Baba alisema nikipata leseni,
wa kuniita kwanza atakuwa yeye.
Nilifeli mara mbili.
Ya tatu nilifanya Machi. Tulimzika Januari."

Nifanye nini, mimi fundi wa shilingi mia tano?
Nikaongeza ripita nne alizotaka, nikapanga toni,
nikateremsha nguvu ya kutuma, betri ile ni ajuza.
Kumi na saba sikuigusa.
Nikauliza kama niihamishe iwe ya kwanza.
"Iache. Nitazungusha hadi nifike."

Tukaifungua pale pale, tukaachilia kelele.
Mchanga. Mchanga mtupu ukimiminwa kwenye sufuria.
Akausikiliza mpaka mwisho, ingawa hauna mwisho,
kisha akaomba nimpunguzie mia.

Nikampunguzia hamsini.
Kwenye ngazi nikamsikia akizungusha: tak, tak, tak.
Nikahesabu mpaka tisa,
spika zikammeza.